Mguu wa Dada na Mzunguko wa Korongo

Safari ile niliianza nikiwa nimekaa kwenye kigoda jikoni kwangu Bariadi, ungo mapajani, nikichambua mchele. Mchele una tabia ya kumwachia mtu mawazo yake. Vidole vinatafuta vijiwe vyenyewe, na wewe unabaki huru kwenda unakotaka. Mimi nilikwenda korongoni. Niliingilia pale mto mkavu unapoachana na njia ya ng'ombe, nikaanza kupanda nao polepole juu ya mchanga, ukuta mwekundu upande huu, ukuta mwekundu upande ule, na juu kabisa utepe wa anga. Nilipofika kwenye kona ya kwanza vidole vikapata kijiwe. Nikakitupa nje ya ungo, nikapinda kona, nikaendelea.

Kwa majuma kadhaa niliishi hivyo. Nikiwa sokoni, nikiwa kanisani, nikiwa nasubiri chai ichemke, miguu yangu ilikuwa mjini na mimi mwenyewe nilikuwa kule, nikipanga tutapumzika wapi na kivuli kitakuwa ukuta gani.

Ukiupita mkoa wetu wa Simiyu kwa barabara huwezi kudhani una mahali kama pale. Utaona mashamba ya pamba na mahindi, majaruba ya mpunga mabondeni, ng'ombe, mawe makubwa yaliyobebana. Jangwa hatuna. Lakini upande wa Nkololo, nyuma ya nyumba ya dada yangu, maji ya mvua yameichimba ardhi tangu kabla ya mtu yeyote kukumbuka, na mvua zikishakatika, korongo lile linakuwa jangwa dogo lililofichwa. Ni mchanga na mwamba na ukimya. Sauti yako ukiitoa inakwenda mbele, inagonga, inarudi ikiwa imepoa.

Uzuri wake ni kwamba hulazimiki kurudi kwa njia uliyoendea. Tulipokuwa wasichana tukichunga ng'ombe wa baba, tulizipa sehemu zake majina ya viungo vya mnyama, na naomba msomaji ayashike maana nitayatumia. Unaingilia Mdomoni. Unapita Kooni, ambako kuta zinakaribiana. Unapanda Shingoni, mteremko mkali wa kutokea juu. Kisha unageuka, unafuata Mgongo, yaani kilima kirefu chenye miti, unashuka nao taratibu mpaka nyumbani. Ukianza asubuhi unaumaliza mduara huo jua likiwa bado linaonekana. Tuliumaliza mara nyingi, tena tukicheza.

Safari hii haikuwa ya kucheza. Mvua za mwaka juzi dada aliteleza kwenye udongo mweusi wa shambani akiwa na mzigo wa mbegu kichwani, na mguu wake wa kulia ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Hospitalini waliuunga kwa chuma. Alirudi na magongo mawili, likabaki moja, kisha ikabaki fimbo aliyoichonga mwenyewe. Mume wake alikwishatangulia mbele ya haki. Binti yake pekee anafanya kazi Dodoma, na tangu siku ile ya kuteleza alikuwa na neno moja tu kila akipiga simu: mama ahamie kwake.

Binti alipokuja likizo mwezi wa sita, nilikwenda kumsalimia. Tuliketi watatu uani, kando ya chanja, tukitenga pamba. Kwa asiyeijua kazi hiyo: pamba nyeupe isiyo na doa inakwenda upande mmoja, nayo ndiyo safi, ile iliyoingia uchafu au kugeuka manjano inakwenda upande wa pili, nayo ndiyo fifi. Ni kazi nyingine kama ya mchele, inayofungua midomo.

"Mama, chumba kiko tayari," binti alisema. "Nimeweka na pazia."

"Vizuri. Chumba hakina miguu, kitanisubiri."

"Na wewe mwenye miguu unatembea mpaka wapi? Kisimani na kurudi, basi. Siku moja utaanguka huku nyuma, akuokote nani?"

"Nitaokotwa na shemeji yangu. Anaishi hapo."

"Baba mdogo mwenyewe haokoti hata kofia yake ikianguka."

Tulicheka, lakini binti hakucheka mpaka mwisho. Aliiweka pamba chini. "Mayu, mama yangu, mimi silali. Nikiona simu ya kijijini imeingia, moyo unasimama. Niambie unaweza nini, nikiamini nitanyamaza."

Dada alichagua bonge moja, akalitazama kwenye mwanga, akalitupa kwenye fifi.

"Naweza kuzunguka korongo," alisema.

"Korongo lipi?"

"Kwani yako mangapi? Naingia Mdomoni, natoka Shingoni, narudi na Mgongo. Kama nilivyofanya nikiwa na mimba yako."

Binti alinitazama mimi, kana kwamba ningesema mama yake anatania. Nilimjua dada. Sauti yake ilikuwa ile anayoitumia kuwaambia watu kwamba chakula kiko tayari.

"Haya," binti akasema. "Ukizunguka lote kwa miguu yako, ukarudi hapa jua halijazama, kile chumba nakigeuza stoo. Usipoweza, unakuja Dodoma. Tena bila kununa."

"Bila kununa," dada aliitikia, kisha akanielekezea fimbo. "Umesikia, mdogo wangu. Wewe ndiye utakayepanga. Mtu anayepanga hata namna ya kuchemsha yai, korongo halitamshinda."

Basi hapo hapo nikaanza. Nilichukua fifi, nikaipanga juu ya turubai: mstari mrefu wa kaskazini ukiwa korongo, kifungu kilichosimama kikiwa Shingo, kisha mstari wa kurudi. Dada aliinama akasogeza kona moja iliyokaa vibaya. Binti alifungua ramani ya simu yake, ile inayoonyesha nchi kama ndege aionavyo, akaitafuta Nkololo, akaisogeza kwa vidole. Korongo lilionekana kama ufa kwenye sahani. Aliiweka simu kando ya pamba yetu, akalinganisha, akasema kwa mshangao, "Mbona vimefanana!"

"Ulidhani tumeota?" dada aliuliza.

Nilieleza hivi, na mpaka leo naona nilieleza vizuri. Jambo la kwanza ni upande wa kuanzia. Korongo limelala kusini kwenda kaskazini, kwa hiyo asubuhi ukuta wa mashariki unaweka kivuli chini yake. Ukiingia mapema unatembea ndani ya kivuli kama unatembea ndani ya maji. Mchana kivuli chote kinakufa, na mchanga unachemka, kwa hiyo mchana usikukute Kooni. Ukukute umekaa chini ya ule mwamba uliojitokeza karibu na Shingo. Jua likianza kuinama unapanda, unakutana na miti ya Mgongoni.

La pili ni mguu wenyewe. Mchanga ni mlaini kwa mfupa lakini mchoyo, kila hatua unairudisha kidogo. Nikamwambia dada atembee pembeni, karibu na ukuta, ambako maji ya mwisho ya masika yanaacha ganda gumu. Viatu ni katambuga zake za siku zote, zile za tairi. Mguu uliokwisha kuumia haupendi kiatu kigeni. Binti alisema yeye atavaa raba zake mpya. Nikamshauri azivae kwanza nyumbani. Akasema ni za kukimbilia, hazina shida.

Chakula ni matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa, ambavyo unaweza kuvimung'unya mwendo mzima, na karanga. La mwisho na kubwa kuliko yote ni maji. Chini ya mchanga wa korongo maji yapo, ukijua pa kufukua, lakini mimi sikupenda tutegemee kufukua. Tubebe yetu. Na anayebeba maji asiwe mtu. Awe punda.

Dada anaye punda jike, mpole, ambaye hakupata jina zaidi ya "wewe." Madumu mawili ubavuni, maji ya kututosha na kubaki. Na kuna jambo ambalo sisi wawili, mimi na binti, tulilifikiri bila kulitamka: kama dada atashindwa katikati, mgongo wa punda utakuwepo wa kumrudisha nyumbani.

Siku zilizofuata nilikuwa nakuja kutoka mjini kila nikipata nafasi, tunatembea mimi na dada mpaka Mdomoni na kurudi, kisha mpaka Mdomoni na mbele kidogo. Asubuhi za mwezi wa sita kwetu zina ubaridi, na moshi wa nyumba za watu unalala chini kama unaogopa kuinuka. Fimbo ya dada ilikuwa inagonga, mguu unafuata, mguu mwingine unafuata. Ilifika mahali sikuwa najua kama ninatembea kweli au bado niko kwenye kigoda changu na ungo. Ningeuliza, dada angenipiga na hiyo fimbo.

Mambo yote yalikuwa tayari nilipokwenda kumwamkia shemeji, mdogo wa marehemu mume wa dada, jirani yake wa upande wa Mgongoni. Nilimkuta barazani anasokota kamba.

"Mwadila, shemeji."

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu. Nimekuja kukuaga. Kesho kutwa tunamzungusha dada yangu korongo."

"Nimesikia. Kijiji kizima kimesikia. Wengine wanasema mnakwenda kutafuta dhahabu." Alivuta kamba, akaikaza kwa dole la mguu. "Punda anabeba maji?"

"Anabeba maji."

"Mkitoka Shingoni punda mnampitisha wapi?"

"Si Mgongoni, kwenye ngitili yako, mpaka..."

Yeye aliendelea kunitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mwenzake akikumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni.

Ngitili, kwa asiye wa kwetu, ni malisho yaliyofungwa. Mvua zikianza, kaya inatenga sehemu ya nyasi na miti, na mnyama haingii humo hata mmoja. Nyasi zinakua, zinakomaa, zinakauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kinapokaza na ng'ombe hawana pa kula kwingine, ndipo inafunguliwa kidogo kidogo. Anayeingiza mnyama kabla ya wakati anaitwa mbele ya kijiji, na haijalishi ni ndugu wa nani. Mwezi wa sita ngitili iko kwenye usingizi wake mzito. Mgongo wote, kutoka Shingoni mpaka karibu na ua wa dada, ni ngitili ya shemeji.

Na sisi watatu, wawili kati yetu tukiwa tumezaliwa hapo, hatukulikumbuka hilo. Sababu yake nimeifikiri sana. Njia ile tuliijulia miguuni mwa ng'ombe, na ng'ombe walipita Mgongoni kiangazi tu, ngitili ikiwa wazi. Katika kumbukumbu yetu lango lile lilikuwa wazi daima. Nilikuwa nimepanga safari ya mwezi wa sita nikiwa natembea ndani ya mwezi wa tisa wa utotoni kwangu.

"Shemeji, sasa tufanyeje?"

"Watu wapite. Watu hawali nyasi. Punda abaki."

Nililipeleka neno hilo uani kwa dada. Binti aliuliza kwa nini tusiizunguke ngitili kwa nje. Nikamwonyesha kwenye turubai: kuizunguka ni kuongeza karibu safari nyingine, na mguu ule hauna safari mbili. Akasema tubebe maji wenyewe. Nikamwambia, maji ya watu watatu siku nzima, kichwani, kwenye mchanga, halafu Shingoni? Akasema basi bodaboda atusubiri juu na maji.

"Nije nipandishwe bodaboda mbele ya ngitili ya marehemu mume wangu na mdogo wake?" dada aliuliza.

"Maji tu, mayu, siyo wewe."

"Leo maji. Kesho mimi."

Mimi nilipendekeza tungoje ngitili ifunguliwe. Nilikuwa namaanisha wema. Lakini likizo ya binti ilikuwa inakwisha juma hilo, na sote tulijua kwamba safari isipofanyika, jibu lake litakuwa ni Dodoma. Dada alikuwa anaitazama pamba yetu juu ya turubai, ule mstari wa kurudi, na upepo ulikuwa umeanza kuupeperusha nyuzi nyuzi. Kwa mara ya kwanza nilimwona kama mtu anayeiaga nyumba yake: macho yalikwenda kwenye ghala, yakaenda kwenye jiwe lake la kusagia, yakakaa kwenye dari ya jiko ambako vilikuwa vimetundikwa vitu vya zamani, jembe lisilo na mpini, kengele za ng'ombe, kamba.

Kisha akainuka. Alisimama bila fimbo, akaingia jikoni, tukasikia vitu vinaanguka. Akatoka na kikapu kidogo cha kamba, kimejaa masizi, chenye mikanda miwili.

Nilikitambua. Kwetu watu wanapalilia kwa jembe la ng'ombe, na ng'ombe akipita katikati ya mistari ya mahindi anashawishika. Kwa hiyo wakati wa palizi anavalishwa kikapu mdomoni. Anapumua, anaona, anafanya kazi, ila hali.

"Twendeni kwa shemeji," dada alisema.

Alikwenda mwenyewe, kwa mguu wake, nasi tukimfuata kama watu wa kesi. Shemeji alikuwa bado na kamba yake.

"Shemeji, ngitili yako inaogopa nini kwa mnyama? Kwato au meno?"

Aliwaza. "Kwato kidogo. Meno sana."

"Kwato zitafuata njia ya watu, hazitatoka pembeni. Meno haya hapa." Akamwekea kikapu magotini.

Shemeji alikigeuzageuza, akakipitisha kidole kwenye matundu. "Hiki alisuka kaka."

"Alisuka yeye."

"Tundu hili limelegea. Ulimi wa punda unapita." Alichukua kamba aliyokuwa anaisokota tangu asubuhi, akaanza kuliziba. "Nitawaambia wenzangu wa kijiji nimekubali. Nami nitakaa mwisho wa njia, nimkague punda meno. Nikikuta jani moja, shemeji, nakushtaki."

"Nishtaki. Na wewe ningekuvalisha kimoja."

"Mimi cha nini?"

"Unavyoongea, nyasi zitanyauka kabla ya kiangazi."

Alicheka mpaka kamba ikamponyoka.

Tuliingia Mdomoni mapema, hewa ikiwa bado na ubaridi. Punda mbele, madumu yakigugumia ubavuni, kikapu kikiwa kimening'inia shingoni mwake kama mkufu, kikisubiri zamu yake. Dada alifuata, kisha binti, mimi nyuma. Kivuli kilikuwa pale pale nilipokiweka nikichambua mchele. Sijui kama nitaweza kuieleza hisia hiyo. Kila kona niliyoipinda nilikuwa nimeshaipinda. Ukuta mwekundu, kisha wa manjano, kisha ule wenye mistari kama khanga iliyofuliwa sana. Ndege wadogo waliingia na kutoka kwenye matundu ya ukuta bila kutujali. Mchanga ulikuwa na alama za nyoka aliyepita peke yake.

Kooni, ambako mtu akinyoosha mikono anakaribia kugusa pande zote mbili, dada alisimama.

"Iteni," alisema.

Binti hakuelewa. Mimi nilielewa. Niliita jina la ng'ombe mmoja wa baba, mwekundu mwenye pembe moja, ambaye hakuwahi kutusikia hata alipokuwa hai. Sauti ilikwenda, ikagonga, ikarudi ya msichana mdogo. Dada alitikisa kichwa kana kwamba amejibiwa, akaendelea kutembea.

Chini ya mwamba tulikaa mpaka mchana ukapita juu yetu. Tulikula matobolwa na karanga. Dada alifukua mchanga kwa mikono, bila haraka, mpaka kiganja kikagusa unyevu, kisha maji, machache na ya baridi, yakajikusanya kwenye shimo. Hatukuyanywa. Aliuweka mguu wake humo. Kovu lake lilikuwa limevimba kidogo na linang'aa. Binti aliliangalia, akapiga magoti, akaanza kumchotea maji kwa mkono juu ya kifundo, tena na tena. Mimi nilijifanya ninasinzia, halafu nikasinzia kweli.

Shingo ilikuwa kali kuliko nilivyoikumbuka. Mawe yamepanda kama ngazi iliyojengwa na mtu mwenye hasira. Punda alitangulia. Dada alipanda hatua kadhaa kwa fimbo, akapumzika, akapanda tena, na katikati fimbo ikakosa pa kushika. Nilimwona anayumba. Binti aliyekuwa nyuma yake alinyoosha mikono yote miwili, lakini kabla hajamgusa, dada alikuwa ameiachia fimbo na kuushika mkia wa punda; binti akaidaka fimbo.

Ndivyo watu wanavyovuka mto uliojaa kwetu, wakishika mkia wa ng'ombe. Punda akavuta. Dada akapanda. Kisha punda akagoma. Alisimama katikati ya Shingo kama kigingi, akatega masikio, akaamua kwamba maisha yake yameishia hapo.

"Wewe!" dada alimwita kwa jina lake. "Wewe, mwanamke! Hata mimi nimechoka. Twende." Akamsukuma matakoni kwa bega, mkia bado mkononi. "Twende, mama. Nani kakuambia kukaa ndiyo kupumzika?" Na kusukuma kwake na kuvuta kwa punda vikachanganyika, mawe yakiteleza, binti akipiga yowe la woga na kicheko kwa pamoja, dada akigeuka kumshika mkono kwenye jiwe la mwisho, mpaka ghafla hapakuwa na mwamba tena mbele yetu, bali upepo.

Juu dada aliketi. Alipopata pumzi alimtazama binti yake.

"Nimeshika mkia. Umeona."

"Nimeona."

"Kwa miguu yangu, ulisema."

"Nilisema."

Binti alimsogelea punda. Alikivuta kikapu kutoka shingoni mwa punda, akamvalisha mdomoni, nami nikamsaidia mikanda. Tukaingia ngitilini.

Nilikuwa sijawahi kuiona ngitili ikiwa imefungwa, kutokea ndani. Nyasi zilikuwa zinatufika mabegani, za rangi ya simba, zimesimama kimya zikiwa zimejaa jua la jioni. Migunga ilisimama ndani yake kama watu waliofika mapema mahali na kuamua kungoja. Njia ilikuwa nyembamba. Punda alipita katikati ya chakula chote hicho, mdomo kikapuni, pua zikitoa sauti ndogo ya kuvuta harufu, na dada alimfuata akichechemea, mkono mmoja ukipapasa vichwa vya nyasi. Binti alikuwa amevua raba na kuzitundika begani. Alitembea pekupeku, akikunja uso kila anapokanyaga. Mimi nilikuwa nikifikiri neno lile, mkia, na nilivyoshindwa kulipanga.

Mwisho wa njia shemeji alikuwa ameketi juu ya jiwe. Jua lilikuwa juu ya miti bado, upana wa mkono hivi.

"Simameni. Mwenye meno apite kwanza."

Alimvua punda kikapu, akamfungua mdomo, akachungulia, akaingiza kidole, akanusa. "Safi," alisema, kama karani wa pamba. Kisha akamgeukia binti. "Na wa pili? Amekuja kwa miguu yake?"

Dada aliegemea fimbo. Hakumtazama binti. Alikuwa analitazama paa la nyumba yake, lililoonekana sasa, na kuku wakirudi.

"Shingoni alishika mkia," binti alisema.

Shemeji aliinua nyusi. Mimi nilitazama chini.

"Punda akavuta, kisha punda akagoma, mama akamsukuma." Binti aliongea polepole, kama anayehesabu jambo akilini. "Mimi nilikuwa nyuma yao, karibu kuliko mtu yeyote. Sikuona ni nani aliyempandisha mwenzake." Akashusha raba begani. "Ila mimi, kama asingenishika mkono pale kwenye lile jiwe la mwisho, ningekuwa bado niko chini. Baba mdogo, kile chumba ni stoo. Nitaweka magunia."

Dada hakusema asante wala hakulia. Alisema, "Ng'wanone, mwanangu, pazia usilitupe. Niletee, nitaliweka dirisha la jikoni."

Uani nilichemsha maji, tukayamimina kwenye beseni, na miguu minne ikaingia humo kwa pamoja, ya mama na ya binti, wakisukumana kama watoto. Punda alikuwa amefunguliwa kikapu na anakula mabua kwa kelele. Turubai lilikuwa bado limetandikwa pale tulipoliacha, lakini upepo ulikuwa umeitawanya pamba yetu, na korongo lilikuwa limekwisha kabisa.

"Mama mdogo," binti aliniita, macho amefumba. "Hivi mtu akianza upande wa Shingoni, akashuka badala ya kupanda, mguu unamuumiza zaidi au kidogo?"

"Inategemea," nilimwambia. "Asubuhi kivuli kitakuwa mahali pengine."

Nilisogea kwenye turubai, nikachota fifi kiganja kimoja, na nikaanza kuipanga upya, safari hii nikianzia juu.